Thora Linklater na Manowari ya Wajerumani

Thora Linklater aliwapikia watoto wa shule ya Stromness, mji wetu wa bandari, miaka thelathini na miwili. Nusu ya mji tumekula supu yake, na hakuna aliyethubutu kubakiza. Alipostaafu, wenzake walimnunulia kiti cha kupumzikia. Alikikalia wiki mbili, kisha akateremka gatini kwa Erlend Rendall, mwenye boti ya wapiga mbizi.

"Nataka kuiona manowari."

"Ipi, Mama Thora? Zipo saba kule chini."

"Iliyolalia ubavu. Bibi yangu aliiona ikizama."

Mwaka 1919, wanamaji wa Kijerumani walipozizamisha meli zao wenyewe, zilizozuiliwa ghubani kwetu baada ya vita, ili adui asizichukue, bibi huyo alikuwa na miaka kumi, ndani ya boti ya watoto wa shule waliotoka matembezi. Alisimulia habari ile mpaka anakufa, na watu wakamwambia anatia chumvi.

Erlend alicheka. "Mama, una miaka hamsini na tisa. Maji ya kule yanang'ata mifupa."

"Na wewe ulikuwa na miaka saba, ukalia hutaki kabichi. Mwisho ulikula, hukula?"

"Nilikula."

"Basi nifundishe."

Majira yote ya baridi alijifunza kwenye bwawa la kuogelea la mji wa Kirkwall. Mwezi wa Mei yeye na Erlend wakateremka baharini kwa mara ya kwanza. Walipofika mita ishirini, kifaa chake cha kupumulia kiliganda kwa baridi, hewa ikaanza kufoka ovyo mdomoni. Thora alipagawa, akakimbilia juu. Erlend alimkamata mkanda na kumpunguzia mwendo, lakini walitokeza haraka mno. Thora alitoka damu puani, na daktari akamlaza saa tano ndani ya chumba cha chuma cha wapiga mbizi, chenye hewa ya shinikizo, asije akapooza kwa kupanda haraka.

Dada yake Ruby alimfuata huko, mkoba kwapani. "Thora, umechoka kuishi?"

"Sijachoka. Ndiyo maana nitarudi."

Mjini walimtania. Geordie muuza samaki alimpokea kwa kelele: "Thora! Samaki wamekungoja mpaka wamechoka!"

"Waambie wasiende mbali. Na wewe nipimie haddoki vizuri, nisije nikamfuata mwenyewe."

Majira yale ya joto, kila asubuhi tulimwona kando ya gati, maji kifuani. Alikuwa akikizamisha kichwa, anakitoa kifaa mdomoni, anakirudisha, anakitoa tena. Alianza upya hata midomo ikawa ya rangi ya zambarau. Usiku alikuwa akiota anakosa pumzi, hilo alinieleza mwenyewe. Asubuhi anakwenda vilevile.

Septemba wakarudi. Thora alishuka akiifuata kamba ya boya, maji ya kijani yakigeuka kuwa meusi. Kwenye mita ishirini hofu ikamrudia, akasimama. Erlend akaonyesha kidole gumba juu: tupande? Thora alifungua kiganja: ngoja. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akapumua polepole mara kumi. Kisha akaelekeza kidole chini.

Manowari haikufanana na meli. Sitaha ilisimama wima kama ukuta wa mwamba, imeota maua meupe ya baharini. Mzinga mmoja ulikuwa bado umetokeza, na Thora akauwekea mkono. Alidhani hapo atamkumbuka bibi yake. Lakini taa yake ilipopenya kwenye tundu ubavuni, iliangukia vigae vyeupe na jiko la chuma lililoinama. Akabaki akilitazama mpaka Erlend alipomgusa bega kumwashiria kwamba muda umekwisha.

Walipanda taratibu, wakisimama njiani kama walivyopanga. Botini Erlend alimvua kofia ya mpira, akampa chai.

"Mbona unalia, Mama? Umefika!"

"Jiko lenyewe dogo vile," alisema Thora. "Na mtu alikuwa analisha mamia ya wanaume. Siku ile aliamka akapika, akazima moto, akaambiwa meli inazamishwa."

Tangu hapo ameteremka mara kumi na moja. Ana kikundi cha wanawake wanne wa mjini anaowafundisha kupiga mbizi bwawani kila Alhamisi, akiwakaripia kama tulivyokaripiwa sisi mezani. Ruby alikuwa wa kwanza kuandikisha jina, ingawa mpaka leo anadai alilazimishwa.