Tambi za Ufuta na Ugali Wenye Ndevu

Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili, na kusema kweli kidato cha pili ndicho kilichoniacha, si mimi niliyekiacha. Lakini kuota ndoto hakuhitaji cheti. Wakati ule nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa wa mama mkubwa hapa Tunduma, karibu na pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Mama mkubwa ni dada wa mama yangu mzazi, na ndiye aliyenilea. Madereva wa Zambia wanamwita bamayo, wa kwetu wanamwita mama, na wote wanamwogopa sawasawa.

Siku moja dereva aliyekwama kwenye foleni alikuwa anachaji simu kaunta kwetu, huku anaangalia video. Nikachungulia. Mama mmoja wa Kichina amekaa kwenye kigoda, kama mama yeyote wa hapa, anachanganya tambi ndefu na kitu kizito chenye rangi ya udongo mkavu.

"Huo uji wa nini?" nikamuuliza.

"Si uji, kijana. Ufuta huo. Umesagwa."

Ufuta! Nilibaki na sahani yenye povu mkononi. Huu huu unaolimwa kule bondeni Momba, unaopita hapa mjini kwa magunia kila msimu! Watu wetu wanaulima, wanaupura, wanaupakia kwenye malori mpaka migongo inalia, halafu wanarudi nyumbani kula ugali na maharage. Hakuna hata mmoja niliyemjua aliyekuwa ameuonja, labda kwa bahati mbaya, ukiwa umepulizwa mdomoni na upepo. Kumbe huko mwisho wa safari kuna mtu anaumwagia kwenye tambi na kufumba macho kwa utamu.

Dereva alinirushia ile video, nikaiangalia mpaka nikawa nakijua hata kikohozi cha yule mama. Lugha yake sikuelewa neno, kwa hiyo nilisoma kwa macho. Kitu cheusi, vijiko viwili. Kitu kama maji, kijiko kimoja. Kitu chekundu, kidogo. Kutabasamu, muda wote. Cheusi nikaamua ni sosi ya soya, cha maji ni siki, chekundu ni pilipili. Kutabasamu nilikuwa nako tayari.

Nikamfuata mama mkubwa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho.

"Mama mkubwa, naomba meza moja. Ile ya karibu na mlango. Nataka niuze tambi za Kichina za ufuta."

"Tambi si zile za sukari?"

"Hizi hazina sukari. Zina kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, matango juu."

"Na wali?"

"Hakuna wali."

"Ugali?"

"Hakuna."

"Sasa mteja anakula nini?"

Nikatabasamu kama yule mama wa Kichina. Mama mkubwa akaweka ungo chini. Yeye si mtu mbaya, ila hukumu zake huwa hazina rufaa.

"Jumapili tunakwenda Igamba kumwona bibi yako. Utapika kule. Mama yangu akimaliza sahani bila kubembelezwa, meza ni yako. Asipomaliza, sitaki kusikia tena habari za Wachina humu ndani. Unarudi kwenye masufuria yako, na ukimya wako."

Hapo nikajua nimeshindwa kabla sijawasha moto. Maana bibi yangu, jamani, kwake chakula maana yake ni ugali. Ukimpa wali, anakula. Ukimpa ndizi na nyama, anakula. Akimaliza anafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, anashukuru vizuri, halafu anauliza kwa upole, "Na chakula kitaiva saa ngapi?"

Jumapili ikafika. Nilibeba kilo ya ufuta, paketi mbili za tambi ndefu, chupa ya soya na chupa ya siki. Tulipofika bibi alikuwa ndiyo ametoka kanisani, bado na viatu vya kanisani. Nilipomwambia kwamba leo napika mimi, akapiga kigelegele cha kukauka kidogo, maana mapafu si ya zamani.

"Mume wangu anapika! Waacheni wenye wivu wapasuke. Wenzangu wote waliolewa na wanaume wa kukaa kibarazani."

Aliyekaa kibarazani alikuwa mjomba, mdogo wa mwisho wa mama na mama mkubwa, ambaye hajaoa na anasema bado anafikiria. Akacheka. "Mjomba, ukiendelea hivi mwaka huu watakuja kukutolea mahari wewe."

"Acha kelele, nitengenezee vijiti," nikamwambia. "Wachina wanakulia vijiti."

Akaenda kwenye miti ya kahawa iliyopogolewa, akarudi na kipande cha tawi na kisu, akaanza kuchonga huku anapiga mluzi.

Mimi nikaanza na ufuta. Kosa la kwanza hilo. Ulikuwa na mchanga, nikachukua ungo wa bibi nikaupepeta kama tunavyopepeta mahindi, mkono wa kishujaa kabisa. Mahindi ukiyarusha juu, makapi yanaondoka na mahindi yanarudi. Ufuta niliurusha juu, ukaondoka wenyewe, mchanga ndio ukarudi. Robo nzima ilikwenda na upepo. Kuku wa bibi, ambao sijawahi kuwaona wakikimbia kwa furaha namna ile, wakatoka pande zote.

Uliobaki nikauosha, nikauanika kidogo, nikaukaanga. Ukipata moto ufuta unarukaruka kama viroboto. Mmoja ulinirukia kwenye kope, mwingine sijui uliingiaje sikioni. Lakini harufu! Harufu ile ilitoka jikoni ikazunguka nyumba nzima, mpaka mjomba akaacha mluzi. Mama mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka amenyoosha miguu, akavuta pumzi mara mbili, halafu akajifanya anapiga chafya. Nilimwona.

Nikauweka kwenye kinu, nikatwanga. Nilitwanga mpaka mikono ikawa si yangu. Mwanzo ni unga, halafu unakuwa kama udongo wa kufinyangia, halafu ghafla unaanza kung'aa kwa mafuta yake. Nikaongeza mafuta kidogo ya alizeti, soya, siki, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, na maji ya moto. Nikaonja kwa kidole. Nisikudanganye, nilikaa chini. Nikaona meza yangu mlangoni, kitambaa cha plastiki chenye maua, madereva wamejipanga mpaka barabarani.

Tambi zilikuwa zimeshaingia kwenye maji yanayochemka, paketi nzima, nimezihesabia dakika kumi. Dakika ya nne nikasikia makelele nje. Jogoo ameingia kwenye ungo wenye matango. Nikatoka mbio, nikamkimbiza kuizunguka nyumba, akapita juu ya mkeka wa mama mkubwa, mama mkubwa akanikemea mimi badala ya jogoo. Nilipompokonya kipande cha mwisho cha tango, nikarudi jikoni nikihema.

Bibi alikuwa amekaa mbele ya jiko. Viatu vya kanisani amevua, miguu amekanyaga vijiti viwili vinavyoibana sufuria kushoto na kulia ili isitikisike, mwiko mkononi, anasonga. Anasonga kwa nguvu zake zote, mabega yanacheza.

"Bibi!"

"Njoo, mume wangu, njoo. Umeacha maji yanachemka peke yake, na saa hizi mchana! Nimekuwekea unga."

Sasa mtu wa mbali atasema bibi alifanya makusudi. Hapana. Katika jiko lile, miaka yote hiyo, maji yakichemka kuelekea saa saba mchana yalikuwa na kazi moja tu duniani. Unga upo kwenye ndoo upande wa kulia, mwiko upo juu ya ndoo, na mikono ya bibi haijawahi kumuuliza bibi ruhusa.

"Na zile tambi ndani, hukuziona?"

"Niliona nyuzinyuzi. Nikajua ndio huo Uchina wenyewe." Akageuza mwiko mara ya mwisho, akapakua, akalipiga lile tonge kubwa kwa bakuli lililoloweshwa maji kulilainisha. Lilikuwa la duara, limeumbika vizuri, na kila upande tambi zimechomoza, nyingine fupi, nyingine zinaning'inia mpaka nje ya sahani.

Mjomba akachungulia mlangoni. Akalitazama muda mrefu.

"Huu ugali umebalehe," akasema. "Umeota ndevu."

Mama mkubwa alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Mimi nilijaribu kucheka, midomo ikakataa. Bibi akaniangalia usoni, halafu akaangalia ile sahani, halafu akauliza taratibu, "Nimekuharibia?"

"Hapana, bibi. Kuna paketi nyingine."

Hapo mama mkubwa, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, akamweleza habari ya meza. Sijui kwa nini alimwambia. Bibi alisikiliza, akaenda kukaa mbali na jiko, mikono ameikalia chini ya mapaja ili isije ikafanya kazi nyingine yenyewe.

Nikachemsha paketi ya pili, mjomba amesimama mlangoni kama askari wa mpakani, hapiti jogoo, hapiti bibi. Nikachuja, nikachanganya na ule mchuzi wa ufuta, kila uzi ukavaa. Juu nikanyunyiza ufuta mzima na matango yaliyonusurika. Nikapakua sahani nne. Ya bibi nikaijaza kwa adabu, na mchuzi uliobaki nikauweka katikati kwenye bakuli.

Vijiti vya mjomba vilikuwa vibichi. Ukiviweka mdomoni uchungu wa gome la kahawa unakufunga ulimi. Mjomba alijitahidi, tambi tatu zikapanda, mbili zikarudi, moja ikamlamba pua. "Wachina hawa wanashibaje?" akauliza, akavitupa, akanawa mikono.

Bibi naye akanawa. Akachota tambi kwa vidole, akazifinya kiganjani kama anavyofinya ugali, akatengeneza tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachovya. Njiani kwenda mdomoni tonge likafumuka, likawa ndevu tena. Akafinya upya. Likafumuka. Mara ya tatu akaingiza kiganja kizima.

Akatafuna, na bibi ana meno ya mbele tu, ya nyuma yalishastaafu. Akatafuna kwa muda mrefu. Akameza kwa kusukumia na maji.

"Tamu," akasema. Kwa sauti ileile anayosemea dawa za malaria.

Akachota tena. Mama mkubwa alikuwa anaangalia sahani ya bibi kama refa. Tonge la tatu, maji. La nne, maji. Jasho likamtoka bibi kwenye paji la uso, pilipili ikamtoa machozi, na bado mkono ulikuwa unarudi sahanini. Hakubembelezwa na mtu. Wala hakuinua macho. Alikuwa anakula kama mtu anayelima shamba ambalo si lake.

Sahani ilikuwa inashuka. Meza yangu ilikuwa inakuja, mimi naiona kabisa, mguu kwa mguu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Nikashindwa.

"Bibi, basi." Nikaishika sahani.

"Niachie. Nilikuharibia sufuria, acha nimalize."

"Bibi, basi jamani. Utapaliwa."

"Mume wangu, nimesema niachie!" Akavuta. Nikavuta. Tambi zikatikisika huku na huku. Bibi ana nguvu, ugali umemjenga, lakini mikono yake ilikuwa na mafuta na yangu ilikuwa mikavu, nikamshinda. Nikageukia ukuta nikala zilizobaki mwenyewe, na zilikuwa tamu kweli, ndilo jambo lililoniuma.

Nyuma yangu nikasikia sahani inaburutwa mkekani. Nikageuka. Bibi ameusogeza ule ugali wenye ndevu, amelivuta na bakuli la mchuzi wa ufuta uliobaki, amekata tonge safi, linatii, linachovya, linakwenda. Akafumba macho. Aliufuta ule mchuzi mpaka bakuli likawa kama limeoshwa. Halafu akafuta mdomo kwa kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Mama mkubwa alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama ile sahani niliyoinyang'anya.

"Ilikuwa imefika wapi?" akaniuliza.

"Nusu, mama mkubwa."

"Nusu kamili?"

"Labda na kidogo."

"Hiyo kidogo sihesabu." Akafunga kilemba chake, akasema tuondoke, giza lisitukute barabarani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshaanza na masufuria aliponiita. Alikuwa amesimama kwenye ile meza ya mlangoni, kipande cha mkaa mkononi. Akapima kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole, upande huu na upande ule, akachora mstari katikati. Upande mmoja akaweka ndoo ya kunawia mikono na sabuni.

"Mama alikula nusu," akasema. "Huu usio na ndoo ndio upande wako. Na mchuzi ule upike mwingi, watakaotaka ugali nao wachovye."

Nikasogea kushika meza yangu, sijui nicheke au nilie, nikaiegemea.

"Kiwiko," akasema mama mkubwa.

Nikakitazama. Kilikuwa kimevuka mstari. Nikakirudisha upesi.