Aliyemwogesha Bi Dozi

Mtaani walimwita Bi Dozi, na yeye alijifanya hajui. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali tangu usichana hadi kustaafu, na katika miaka yote hiyo hakumkabidhi mgonjwa dawa bila kumwambia, "Maliza dozi." Hata sasa, mtoto akipita na kikohozi mbele ya nyumba yake alisimamishwa na kuhojiwa kama mwizi. Marehemu mumewe alikuwa mkaguzi wa shule, na picha yake akiwa amevaa joho ilitundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione.

Ila wageni wenyewe hawakuwapo. Kifungua mimba wake alikuwa ng'ambo. Bintiye, mhandisi, aliishi upande wa pili wa jiji hilohilo, na upande huo ulizidi kusogea mbali kila mwaka. Lakini ukimuuliza Bi Dozi habari za watoto angekujibu bila kupepesa, "Wananilea kama yai. Simu hazipumziki." Simu yenyewe ilikaa mezani juu ya kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, imepumzika vizuri sana.

Msimu wa mvua uliopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Aliyesikia kishindo ni jirani wa ukuta mmoja, mwanamke aliyeitwa Mama Pacha, mke wa fundi wa kuchomelea mageti. Fundi alivunja komeo, akambeba Bi Dozi mikononi kama mtoto wa kubatizwa, akamfikisha hospitali. Binti alikuja alasiri moja, akaweka matunda kwenye kabati la kitanda, simu sikioni, akasema, "Mama, nitakutafutia mtu wa kukaa nawe." Huyo mtu hakupatikana.

Aliyepatikana ni Mama Pacha. Kila asubuhi alikuja na beseni, akamwogesha, akamgeuza, akamwaga ya kumwagwa, akamkanda visigino kwa mafuta. Jioni pacha wake, msichana na mvulana, walitandika mkeka kando ya kitanda cha Bi Dozi wakafanyia hapo kazi za shule, ili akitaka maji kuwe na wa kutumwa.

Bi Dozi alipopata nguvu ya kuketi, jambo la kwanza alilosema halikuwa asante.

"Mwanangu, wakikuuliza huko nje, sema binti yangu ndiye anayeniuguza. Sema huja akitoka kazini."

Mama Pacha alikuwa akikamua kitambaa. "Sawa, Mama. Tena mimi nani ananiuliza?"

Basi ikawa hivyo. Mtaa mzima ukamsifu binti. "Huyo ndiye mtoto," walisema wanawake dukani. "Wangu mimi hata sahani aliyolia haioni." Bi Dozi akazipokea sifa hizo kwa niaba ya bintiye, akiwa amelala chali, zikamkaa vizuri kuliko dawa.

Sasa Fundi na mkewe hawakuwa wa nchi hii. Walivuka mpaka wakikimbia vita, pacha wakiwa bado tumboni, na wakapewa kibali cha kukaa kilichokuwa kikiongezwa mara kwa mara. Safari hii hakikuongezwa. Ilikuja amri ya kuondoka, wazazi na watoto, warudi mahali ambapo watoto hawajawahi kupaona.

Mtaa haukukaa kimya, tusiwanyime haki yao. Iliundwa kamati, na mwenyekiti wake akawa muuza magodoro, mtu mwenye sauti ya mnada na moyo mzuri. Kituo cha msaada wa sheria kikawapa wakili bila malipo, msichana mwembamba aliyetembea na viatu vya kubadilisha mkobani, akakata rufaa. Aliwaomba mashahidi, watu wa mtaani watakaoeleza jinsi familia ile ilivyoota mizizi pale.

Hapo ndipo kamati ilipofanya kosa ambalo ni waungwana tu wanaoweza kulifanya. Kwao, mtu akiwa taabuni hasemwi doa lake. Anasitiriwa. Mwenyekiti akawakusanya mashahidi dukani kwake, akawaketisha juu ya magodoro, akawafundisha maneno ya kusema kama wanakwaya, mpaka kila mmoja akayashika kwa moyo.

Siku ya rufaa ilipofika, Bi Dozi alikwenda pia. Hakwenda kutoa ushahidi. Mwenyekiti alimwomba, yeye akasingizia mguu. Alikwenda kusindikiza, akakaa kiti cha nyuma na fimbo yake, akatazama.

Mshona viatu akasema familia hii ni watu wema, hawajawahi kugombana na mtu. Muuza mboga akasema familia hii ni watu wema, hawajawahi kugombana na mtu. Kinyozi alipofungua kinywa, hakimu, mama wa makamo mwenye uso uliochoka, alimalizia sentensi yeye mwenyewe.

Wakili wa serikali alisimama taratibu. "Bwana Kinyozi, hawa unaowapenda hivi wana watoto gani?"

"Pacha, mheshimiwa."

"Wa kike au wa kiume?"

Kinyozi alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari. "Wa kike," akasema Kinyozi. "Wote."

Yule pacha wa kiume, ambaye kichwa chake kilinyolewa na mtu huyohuyo, aligeuka akamtazama dada yake. Watu wachache walicheka. Hakimu hakucheka. Aliahirisha shauri hadi wiki iliyofuata, akasema kama upande wa rufaa una shahidi anayezijua habari za nyumba ile, basi aletwe.

Nje, kwenye korido, wakili aliwakusanya. Hakupandisha sauti. "Wazee wangu, sikuwaomba mseme kuwa ni wema. Watu wema wako kila nchi. Hakimu anataka kujua jambo moja. Hawa wakiondoka, hapa nani ataumia?"

Watu walitazamana. Mama Pacha alikuwa akimfunga bintiye vifungo vya sweta, ameinamisha kichwa. Bi Dozi alimwona, akangoja ainue macho. Hakuyainua.

Jioni ile Bi Dozi alimwita. Mama Pacha alikuja kama kawaida, akashika sufuria ya chai kana kwamba jiko ni lake, maana kwa kweli lilikuwa lake zaidi.

"Kwa nini hukumwambia wakili?"

"Nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Habari za beseni."

Mama Pacha alimimina chai, akaweka sukari kidogo kama alivyoamriwa siku zote. "Ulinikataza."

"Nilikukataza kwa wambeya wa dukani. Hii ni mahakama."

"Na mahakamani wamekaa nani? Si walewale wa dukani?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mama, sisi tukiondoka tumeondoka. Wewe unabaki na watu hawa. Utapita vipi kati yao?"

Bi Dozi alikoroga chai. Maisha yake yote aliamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiilinda familia ya mkaguzi, peke yake, kama askari wa benki. Hakujua kwamba jirani asiye na kibali alikuwa zamu moja naye.

Kesho yake alimpigia bintiye. Simu iliita mpaka ikakatika, akapiga tena. Alieleza kwa ufupi, kwa sauti ya mtu anayeelekeza dawa.

"Mama, waandikie tu kwamba ni majirani wazuri," binti alisema. "Hayo ya kuogeshwa yanaingiaje?"

"Ndiyo yanayotakiwa."

"Ofisini kwetu kuna watu wa mtaa huo. Unataka waseme tulikutupa?"

Bi Dozi alitaka kujibu hapana. Alitaka zaidi aulizwe swali jingine, kwa mfano, kama nyonga bado inauma. Alingoja kidogo kama litakuja.

"Mama? Nina kikao."

"Nenda mwanangu," akasema. "Usichelewe."

Alikaa na simu mkononi. Waliosema mficha uchi hazai walikuwa wakiongea na wanawali, aliwaza, na yeye alishazaa, akakuza, akasomesha. Lakini alijua pia uzito wa lile beseni likiwa limejaa, na nani alilibeba.

Wiki iliyofuata alivaa gauni lake la kustaafia, akaingia kizimbani kwa fimbo. Mwenyekiti alimwonyesha dole gumba, akiamini msomi ataipamba ile kwaya yake.

Wakili alimuuliza anaifahamu vipi familia ile.

"Huyu mama ameniogesha," Bi Dozi akasema. "Tangu mvua za mwaka jana nilipovunjika, mpaka nilipoweza kusimama. Akaendelea hata baada ya hapo."

Muuza mboga aliacha kujipepea.

Wakili wa serikali akainuka. Alikuwa na adabu, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi. "Mama, una watoto?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Mmoja ng'ambo. Mmoja hapa jijini."

"Na tumeambiwa," akaangalia karatasi zake, "na shahidi mmoja wa wiki iliyopita, kwamba wewe huuguzwa na binti yako."

"Ndivyo nilivyowaambia," Bi Dozi akasema. "Niliwadanganya. Binti yangu alikuja mara moja."

Hakutazama viti vya nyuma. Alisikia tu mtu akivuta pumzi.

"Tutajuaje kwamba hudanganyi leo?"

"Muulizeni huyu mama nyonga yangu ina mshono upande gani. Huanza na mgongo. Hupima maji kwa kiwiko. Akifika kwenye mshono hugeuza uso, ili nisione kuwa ananihurumia." Kisha akaongeza, kwa kuwa alikuwa ameapa kusema kweli yote, "Na tumegombana. Siku moja alinipa dawa ya maumivu mara mbili kwa kusahau. Nilimwita mjinga, nikamfukuza. Asubuhi alikuja na beseni lake vilevile. Mimi ndiye sikumsalimu."

Hakimu alivua miwani. "Na wakiondoka, mama, itakuwaje kwako?"

Bi Dozi alifikiri. Hakutaka kulia mbele ya watu na hakulia.

"Nitaoga ninapofika mkono," akasema.

Hukumu haikuchukua muda. Amri ya kuondoka ilifutwa, kibali kikaagizwa kitolewe upya kwa wazazi na watoto. Koridoni kulikuwa na vigelegele, na Mwenyekiti akambeba Fundi mabegani, jambo lililokuwa gumu kwa wote wawili. Mama Pacha alikuwa katikati ya wanawake, anavutwa huku na kule, anatafuta kwa macho juu ya mabega yao.

Bi Dozi alisimama karibu na dirisha. Watu walipita mbele yake wakapunguza mwendo. Hongera ingekuwa kejeli, na pole ingekuwa tusi, na lugha hii yetu yenye salamu za kila saa haikuwa na salamu ya jambo lile. Muuza mboga alimgusa mkono akaendelea. Kinyozi alisema, "Bibi," akaishia hapo. Bi Dozi alitangulia kutoka, fimbo ikigonga ngazi, kabla Mama Pacha hajamfikia.

Habari ina miguu mirefu. Alikuwa hajavua viatu, simu ilipoita.

"Umetuvua nguo, Mama. Mbele ya watu." Binti alikuwa akilia, ama kwa hasira ama kwa jambo jingine. "Nimeambiwa na mhasibu. Mhasibu, Mama. Ananitazama kama muuaji."

"Nimesikia."

"Baba angekuwa hai ungesema hayo?"

"Baba yako angekuwa hai, angeniogesha yeye."

Upande wa pili wa ukuta pacha walikuwa wakiimba, na mtu alikuwa akigonga chuma kufuata wimbo. Punde wangekuja kumwita, naye angesema amechoka, na ingekuwa kweli.

"Nakuja Jumamosi," binti akasema. "Lazima tuyaongee haya. Sitakubali yaishe hivi. Nakuja kugombana nawe, nakwambia mapema."

Bi Dozi alikuwa amesimama katikati ya sebule. Akavuta kiti akakaa, taratibu, kwa upande wenye nguvu.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Hata kwa kugombana, njoo. Nitapika."

Binti alikata simu bila kuaga. Bi Dozi aliiacha sikioni muda kidogo zaidi, kisha akainuka kwenda kuangalia kama chumba cha wageni bado kina shuka.