Bi Foleni na Bawa la Kulia

Foleni haina mtoto wa fulani. Fundi aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake juu ya kipande cha boksi, akakitundika mbele ya cherehani yake, na kwa miaka yote aliyokaa kwenye meza ile hakumruhusu mtu yeyote kuyakanyaga.

Meza yenyewe ilikuwa ya matengenezo. Kila mwaka ukumbi mkubwa wa maonyesho hufurika wapenzi wa katuni. Wapo wanaouza vitabu vipya na vya zamani, wapo wachoraji wanaokuchora ukiwa umesimama, na wapo, hao ndio wengi, wanaokuja wamevaa kama mashujaa wanaowapenda: majoho, helmeti za sponji, panga za mbao, mikia. Ni watu wazima, wenye kazi zao na familia zao. Na kwa kuwa nguo ya shujaa mara nyingi hushonwa na mtu asiyejua kushona, hupasuka. Ndiyo maana waandaaji huweka fundi kando ya jukwaa. Mwaka mzima mama huyu hushona sare za shule; siku za tamasha hushona mashujaa, tena bila kumtoza mtu chochote.

Kabla yake meza ile iliendeshwa kwa kujuana. Aliyemjua mkubwa alishonewa, asiyemjua alijibana kwa pini na kwenda zake. Fundi alilikuta jambo hilo likamchefua, akatundika boksi lake. Watu walicheka mwanzoni. Wakaacha kucheka mwaka jana, pale mtoto wa mwenyekiti wa tamasha alipokuja na joho lililochanika begani, mashindano ya mavazi yakiwa yameshaanza, akaambiwa akasimame nyuma. Mwenyekiti akaja mwenyewe, kitambulisho kikining'inia kifuani.

"Fundi, huyu ni mwanangu."

"Nimemwona, mzee. Mmefanana mpaka masikio. Foleni haina mtoto wa fulani."

Waliokuwa kwenye mstari walipiga makofi. Kijana alikosa jukwaa. Tangu siku hiyo fundi akaitwa Bi Foleni, na jina likamkaa vizuri, maana alilipenda. Mwenyekiti naye, tumpe haki yake, alimwita tena mwaka huu.

Sasa mwaka huu, aliyetaka kupanda jukwaani alikuwa kitinda mimba wa Bi Foleni mwenyewe.

Binti huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu utotoni alichora pembezoni mwa madaftari, kwenye mifuko ya unga, hata nyuma ya kadi ya kliniki. Alipomaliza shule aliketi nyumbani akisubiri ambacho hakikuja. Halafu ikatangazwa kwamba mshindi wa mavazi atachukuliwa na studio ya katuni kujifunza kazi mwaka mzima. Binti aliliona tangazo, akaanza kuokota makopo. Akayakata, akayakunja, akayafuma manyoya kwa manyoya mpaka yakawa mabawa mawili ya kiumbe alichokichora mwenyewe, Ndege wa Bati. Sebuleni hapakuwa na pa kukaa. Baba yake alilala na manyoya ya bati chini ya kitanda, akalalamika kwamba sasa ni yeye anayefugwa.

Masharti ya mashindano yalisema kila mshiriki atengeneze vazi lake kwa mkono wake; fundi wa tamasha aliruhusiwa tu kuziba kilichopasuka siku yenyewe. Bi Foleni aliyajua vizuri. Jioni moja alimwona binti akiyajaribu mabawa, jicho lake la ufundi likaenda moja kwa moja kwenye mkanda wa bega la kulia.

"Huo mkanda umeushika kwa uzi mmoja. Mabawa mazito hayo."

"Basi nishonee, mama. Mstari mmoja tu."

"Masharti yanasema ushone mwenyewe."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Mshonee mtoto, bwana," baba alidakia kutoka jikoni. "Dunia itaanguka?"

"Itaangukia wapi, na wewe umejaa humu ndani? Mwanangu, rudia mshono. Mara mbili, kwa uzi mnene."

Binti hakurudia. Alikuwa amechoka, vidole vimejaa michubuko ya makopo, na kinyongo cha kunyimwa msaada kilikuwa bado hakijamtoka. Akachukua gundi ya moto, akapaka, ikakauka ngumu kama mfupa. Kwa macho ulionekana mkanda imara kabisa.

Siku ya mashindano ukumbi ulikuwa na joto la watu na la taa. Foleni ya Bi Foleni ilikuwa imepinda mpaka karibu na mlango wa vyoo. Aliyekuwa mezani ni mhasibu mmoja mnene, shujaa wa angani, aliyepasuka suruali pale pale panapopasuka suruali zote, akijiziba kwa bango.

"Mama, shona haraka, watu wananipiga picha."

"Hao wanapiga bango. Tulia, usije ukachomwa sindano ukaruka kweli."

Mstari mzima ulicheka. Bi Foleni alikuwa bado anatabasamu alipoinua kichwa na kumwona binti yake. Bawa la kushoto lilikuwa juu, likimeta. La kulia lilikuwa linaburuzwa sakafuni, likikwaruza kama sufuria. Gundi ilikuwa imelainika, na ule uzi mmoja ulikuwa umekatika.

Binti alikuja moja kwa moja mezani.

"Mama."

Fundi aliutazama mkanda. Mishono michache tu. Mkono wake ungeimaliza kabla mtu hajafunga kamba za viatu. Akawatazama watu.

"Nenda nyuma, mwanangu," alisema.

Binti hakubisha. Aligeuka, bawa likamfuata likikwaruza, akasimama mwisho. Mbele yake, wa mwisho kabla yake, alikuwa mtoto wa mwenyekiti. Mwaka huu hakushindana. Zipu ya vazi lake ilikuwa imekwama tu.

Kipaza sauti kikaanza kuita. Kila mshiriki aliitwa kwa jina la vazi lake, na atakayeitwa mara tatu bila kutokea, nafasi yake imekwenda.

Watu wengine wana huruma kuliko tunavyowadhania. Mhasibu, suruali yake ikiwa tayari, alipaza sauti: "Jamani, si huyo binti ni wa mashindano? Mpisheni basi!" Mpishi aliyevaa kama mashine alisogea pembeni, akisema mkia wake hauna haraka. Wote waliokuwa nyuma yake wakasogea pia, mmoja mmoja. Mbele ya binti akabaki mtoto wa mwenyekiti peke yake. Hakusogea.

"Kijana, mpishe mwenzio," mhasibu alimhimiza.

"Nitampisha," kijana alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata fundi maini. "Ila aseme Bi Foleni mwenyewe. Mwaka jana nilisimama hapa hapa. Nilirudi nyumbani nikalia, na baba akanichukia wiki nzima kwa kumwaibisha. Lakini nilisema moyoni, angalau yupo mtu mmoja asiyebagua. Sasa aseme mwanawe apite. Akisema, napisha."

Watu wakamgeukia fundi, wengine wakimkonyeza, kama kumwambia: sema tu, mama, neno moja, nani atakuhesabia? Boksi lilikuwa linaning'inia mbele ya uso wake. Alifungua mdomo. Alimtazama binti yake, naye binti alikuwa anamtazama, si kwa kuomba, bali kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya mwisho ili asikisahau.

Ningependa kusema alisita kwa sababu ya wema. Nadhani alisita kwa sababu hakuwa na njia. Akisema "apite", basi mwaka jana kijana yule alikosa jukwaa bure, na kanuni ilikuwa ya watoto wa watu wengine tu. Asiposema, hasara ni ya mwanawe.

"Ndege wa Bati!" kipaza sauti kikaita.

"Anayefuata," alisema Bi Foleni.

Kijana akasogea mezani na zipu yake. Mikono ya fundi ilikimbia kuliko ilivyowahi kukimbia. Aling'oa zipu, akaikamata kwa kidole, akakanyaga cherehani kwa nguvu zake zote, na sindano ikagonga jino la zipu ikavunjika. Akapapasa kwenye mkebe kutafuta nyingine. Ya kwanza ikamponyoka, akachukua ya pili.

"Ndege wa Bati, mara ya pili!"

"Mama, acha zipu," kijana alisema, sasa akiogopa. "Acha, mshonee yeye. Nimeghairi."

Sindano iliingia. Uzi haukuingia. Aliulamba, akaulenga, ukapinda, akaulamba tena.

"Mara ya tatu. Ndege wa Bati? Haya, anayefuata."

Alipoinua macho binti hakuwepo. Mabawa yote mawili yalikuwa yameegeshwa ukutani, kwa utaratibu, yasimwangukie mtu. Na nyuma ya pale alipokuwa amesimama, mstari ulikuwa umeshaongezeka: mama na joho, mzee na kinyago kisichofunga. Bi Foleni akamaliza zipu. Akashona joho. Akashona mpaka ukumbi ukafungwa, maana hao pia walikuwa watoto wa watu.

Mimi sisemi alikosea. Kanuni inayolegea siku inapotuuma haikuwahi kuwa kanuni, na meza ile mpaka leo haina kujuana. Lakini tusidanganyane kwamba haikumgharimu kitu. Studio ilimchukua mwingine. Binti alihamia kwa shangazi yake na hachori tena. Akija nyumbani humwamkia mama yake vizuri, huosha vyombo, huaga. Kifungo kikimkatika, hupeleka kwa fundi mwingine.