Maji ya Tatu

Nilikuwa nikiuza pampasi moja moja pale Burungu, na mtoto wangu mwenyewe alikuwa akivaa vipande vya vitenge vikuukuu vya nyanya yake. Wateja walioniuliza nilikuwa nikiwajibu kwamba pampasi ni afya, pampasi ni usafi, mwanamke wa leo hafui mavi. Kisha saa sita nilikuwa nikifunga duka, nazunguka nyuma ya nyumba, nafua mavi. Vitambaa nilivianika kati ya ukuta na choo, mahali ambapo hata jua lilipata taabu kufika, ili tu mama aliyekuja kununua chumvi asivione.

Sitataja jina la mtu hapa. Ningependa kusema nafanya hivyo kwa heshima. Hapana, ni woga.

Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Kwetu mtoto hujifunza kupanga bidhaa kwenye rafu kabla hajajua kusoma, na majivuno tunayo, sikatai. Niliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, mwana wa wakulima wa maharage wa Kibabi, na ndugu zake hawakuficha kwamba wangependa aoe karibu. Kaka yake mkubwa, aliyeshika nafasi ya baba yao marehemu, alisema siku ya mahari kwamba mke wa kutoka mbali ni kama mbegu usiyoijua: unapanda, unangoja. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini lile neno lilinikaa rohoni.

Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza wa kila mwana hupokelewa kwa vitambaa vilivyokatwa kutoka kwenye vitenge vya nyanya yake, mama mzaa baba. Si vitenge vipya. Ni vile alivyovaa yeye, akalimia, akabebea watoto wake, mpaka vikawa laini. Na nyanya mwenyewe ndiye anayekuja kuvifua miezi ya kwanza. Ni kazi yake na ni cheo chake pia. Mwanamke anayewafulia wajukuu huulizwa mambo, hungojewa kabla chakula hakijaanza kuliwa. Mama mkwe alikuwa ameanza kuweka vitenge vyake kando tangu mume wangu akiwa bado mwanafunzi.

Alikuja kwa pikipiki, kifurushi mapajani, siku ya tatu baada ya binti yangu kuzaliwa. Alikaa chini kwenye mkeka, akaanza kupasua vitenge kwa meno na mikono. Mkasi hakuutaka. Alisema ukingo uliopasuliwa hulainika upesi, lakini pindo la mshoni humkwaruza mtoto. Kipande kilikunjwa mara nne, na juu yake akaweka kipande cha sweta kuukuu la sufu ili mkojo usimfikie anayembeba. Choo cha mtoto alikikwangua kwanza kwa jani la mgomba.

"Usichokeshe mikono kwa kintu yenye jani inaweza kubeba," aliniambia.

Sabuni hakuigusa. Alichoma maganda makavu ya maharage, akaweka majivu kwenye kikapu alichokitandika majani, akamimina maji juu yake. Chini yalidondoka maji ya rangi ya chai, yanayoteleza kwenye vidole. Nusu kikombe tu katika beseni zima, na madoa yalitoka yote. Kisha alisuuza mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili alitumia maji ya bidoni, yaani dumu, pale pale uani. Mara ya tatu aliteremka mpaka kwenye kijito, akaviacha vitambaa maji yapite ndani yake, naye akaimba nyimbo mbili za kanisa mpaka mwisho, beti zote.

"Maji ya tatu njo ya mutoto," alisema. "Ile mbili ya kwanza ni ya kitambaa."

Aliniambia hivyo siku ya kwanza. Aliniambia tena wiki ya pili, na wiki ya nne, mpaka nikachoka kumsikia. Mimi nilikuwa nikiwaza duka. Nilikuwa nikiona aibu, pia, mama mkwe wa mwenye duka kuteremka bondeni na beseni kichwani mbele ya wateja wangu, akiwasalimu mmoja mmoja na kuwaeleza bila kuulizwa alichobeba.

Maharage ya Kibabi yalipokomaa, ilibidi arudi kuvuna. Aliniachia kikapu na mfuko wa majivu. Mlangoni alinirudia tena habari ya maji ya tatu, nami nikaitikia "ndiyo Mama, ndiyo Mama", huku nikimhesabia mteja mishumaa.

Mwezi ule barabara ilifungwa, na sabuni ikapanda bei mpaka hata mimi niliyekuwa nikiiuza sikutaka kuifungua. Basi majivu yakawa mkombozi wangu. Nikajiona mjanja. Kama nusu kikombe kinatoa madoa kwa saa moja, nikawaza, vikombe viwili vitayatoa nikiwa bado nasema habari ya asubuhi na jirani. Na kweli yalitoka! Vitambaa viling'aa. Kusuuza nikasuuza mara moja, bidoni moja, basi. Mvua ilinyesha kila alasiri, njia ya kijito iliteleza, duka lilihitaji mtu. Sababu sikukosa. Mvivu hakosi sababu, na mimi nilikuwa nazo za kuuza.

Siku ya nne mapaja ya mtoto yalikuwa mekundu. Siku ya saba yalichubuka. Alilia kila alipokojoa, kilio chembamba ambacho hadi leo kikinijia nikiwa peke yangu husimamisha mikono yangu. Nami nilikuwa nimeshika vile vitambaa kwa mikono hii, nimeona vidole vyangu vyenyewe vinakauka na kupasuka, nikapaka mafuta, nikaendelea. Sikuwa mjinga. Nilijua. Nilikataa tu kujua.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimfunua mtoto, akainama kutazama mapaja yake. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, kofia mkononi.

"Nguo ya mutoto munafulaka na nini?" muuguzi akauliza.

"Na maji ya majivu," nikasema. "Mama mukwe njo alinionesha."

Hakuna neno la uongo katika jibu lile. Ndiyo maana nalichukia zaidi kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Muuguzi alitikisa kichwa, akasema wazee wetu watatumalizia watoto. Akatoa dawa ya kupaka. Njiani nilimtazama mume wangu, nikaona macho yamemjaa machozi, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya mama yake. Ningeweza kusema palepale, njiani, tukiwa wawili. Nilimfunika mtoto vizuri, nikatembea.

Jumapili iliyofuata kaka yake mkubwa alifika na mkewe, na wakaja na mama mkwe. Hawakukaa sana kabla ya kuingia kwenye neno lenyewe. Kaka alieleza alichoambiwa na mdogo wake: kwamba mtoto ameungua kwa majivu, na majivu ni ya Mama. Akamuuliza mama yake, mbele yetu sote, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko makelele, kama hakuona kwamba umri umefika wa kupumzika.

 Mama mkwe alimtazama mjukuu wake kwanza, akamgeuza, akaona. Kisha akaomba aletewe kitambaa kimoja kikavu. Nilikileta mwenyewe. Alishika pembe yake, akaitia mdomoni, akaigusa kwa ncha ya ulimi.

Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo. Lakini nilielewa papo hapo, kama unavyoelewa mtu akionja mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili. Kitambaa kilichosuuzwa hakina ladha. Kile kilikuwa kikali. Aliinua macho akanitazama, na mle machoni sikuona hasira. Aliniona tu. Nikajua sasa atasema, na nikajua nitakachopoteza: watanirudisha Butembo mikono mitupu, na mtoto atabaki kwao. Yule kaka alikuwa amekwisha kusema siku ya mahari kwamba mimi ni mbegu wasiyoijua.

"Ni mimi," mama mkwe akasema. "Nilizeekaka. Habari ya maji ya tatu nilisahau kumuambia."

Kaka akashusha pumzi. Akasema basi, tangu leo Mama asifulie mtoto mwingine. Akija kuona wajukuu, aje kama mgeni, akae, apewe chakula. Mkewe akaitikia. Mume wangu akainamisha kichwa. Na mimi? Nilikunja kile kitambaa mara nne, vizuri, kama alivyonifundisha.

Wahenga wanasema heri lawama kuliko fedheha. Siku ile yeye alibeba vyote viwili, na mimi nikabaki na jina zuri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliuona mwepesi kwa sababu ulikuwa kichwani kwake. Mtoto alipona. Nilianza kuteremka kijitoni kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na nilisuuza mpaka vidole vikafa ganzi, na jioni nilionja kila kitambaa pembeni pembeni kama mwizi. Toba ya namna hiyo haigharimu kitu, maana hakuna anayeiona.

Nasikia watu wakisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka saba. Binti yangu anasoma darasa la pili, ngozi yake haina hata alama.

Mwaka jana mdogo wa mwisho wa mume wangu, anayefuga ng'ombe Kirolirwe, alipata mtoto wake wa kwanza. Ukoo wote ulikwenda. Mama mkwe alikuja na kifurushi. Nilikitambua kabla hakijafunguliwa: vitenge vilivyobaki, vya mtoto wa mwanawe wa mwisho, alivyoviweka miaka yote hiyo akitumaini kwamba watu husahau. Hawakusahau. Mke wa huyo mdogo, msichana mwenye adabu, alikipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti sana Mama, akakiweka kwenye kiti. Kisha akamwonyesha mama mkwe mahali pa kukaa.

Mchana mvua ilinyesha, watu wakaingia na matope. Nilipopita mlangoni niliona kitu chini, kimekunjwa mara nne, watu wanafutia miguu. Kilikuwa cha rangi ya samli, chenye maua. Kitenge kile mama mkwe alikivaa siku ya arusi yangu.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa peke yake, anamenya viazi, kazi aliyojitafutia mwenyewe ili asikae kama mgeni. Nilipiga magoti mbele yake. Miaka sita nilikuwa nimetunga maneno ya siku hiyo, na yote yalinipotea.

"Mama," nikasema, "ile maji ya tatu uliniambiaka. Haukusahau. Ni mimi njo nilichoka."

Kisu hakikusimama. "Minajua. Ulimi yangu haiyazeeka."

"Ju ya nini basi ulisema ni weye?"

"Bangelikurudisha kwenu, mutoto wa maziwa abaki hapa analia. Nilisema: huyu atakomaa, siku moja atasema yeye mwenyewe." Akaweka kiazi kwenye sufuria, akachukua kingine. "Nikangoja."

Nililia. Nilimshika miguu, nikasema unisamehe Mama, unisamehe, na sijui nilisema mara ngapi. Aliniacha nimalize. Kisha akanifuta uso kwa ncha ya kitenge alichovaa, bila haraka, kama anavyofutwa mtoto.

"Ya mimi na wewe ilikwisha kitambo," akasema. "Mimi nilijua tangu ile siku. Ni bale habajue. Bako mule mu salon, bote. Enda ubaambie."

Niliinuka. Nilitoka jikoni, nikavuka ua kwenye manyunyu, nikakikanyaga kile kitambaa mlangoni kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, nikaingia sebuleni. Walikuwepo wote: kaka mkubwa na mkewe, mume wangu, mdogo wao na mkewe akimnyonyesha mtoto.  Macho yangu yalikuwa mekundu, kila mtu aliyaona.

"Kuko nini?" kaka mkubwa akauliza.

Nilifungua mdomo. Thermosi ya chai ya maziwa ilikuwa mezani mbele yangu. Nikainyakua.

"Nani aongezewe chai?" nikasema.

 Kaka aliendelea kunitazama, akitaka kuuliza tena. Ndipo nikasikia hatua nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa amenifuata mpaka mlangoni kuja kusikia. Alipita kando yangu, akaenda kukaa mahali alipoonyeshwa, akachukua kikombe na kuninyooshea.

"Mimi," akasema. "Uniongezee mimi."