Emérita na Pilipili za Mama Mkwe

Mama yangu Emérita alikuwa mkulima hodari wa maharagwe, na hilo ndilo lililomponza. Mtu wa maharagwe amezoea jibu la haraka: unafukia leo, na kabla hujasahau ulipofukia, yameshainua shingo. Mama alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, mama yake akafariki yeye hajaota hata meno, na tangu aweze kushika jembe alilima maharagwe, viazi na mtama. Pilipili hakuwahi kuiweka mdomoni. Kwao chakula kilitiwa chumvi kidogo na, siku njema, siagi. Mtu anayekula kitu cha kumchoma ulimi kwa hiari yake walimwona hana akili timamu.

Kisha akaolewa na mla pilipili. Baba yangu, Hilaire, alitoka Ntoto, kule chini kwenye msitu wa Walikale, akapanda Masisi kutafuta kazi ya useremala. Alijifunza kula maharagwe yetu bila kulalamika. Mapenzi yana mambo yake. Shida ilianza mwaka wa 1953, babu alipofariki, na Baba akashuka kumchukua mama yake, Koko Françoise, yaani bibi yangu, aliyekuwa amebaki peke yake na kikohozi kibaya. Alifika amebebwa kwenye kipoyi, kiti cha miti cha kubebwa mabegani, maana miguu haikumbeba tena. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Haya nimeyasikia kwa Mama mwenyewe, mara nyingi, na kila mara alikasirika upya.

Nitasema wazi alichokitaka, maana hata yeye hakukificha: alitaka mama mkwe ale, apone, na abaki. Maisha yake yote hakuwa na mtu wa kumwita mama. Sasa amempata mmoja, ameketi palepale karibu na jiko lake, na alikuwa tayari kupigana asimpoteze.

Lakini Koko hakula. Aligusa maharagwe kwa ncha ya kidole, akameza mate, akasukuma sahani.

"Mama, chakula yangu haiko muzuri?"

"Iko muzuri, mutoto. Kinywa yangu njo haisikii kintu."

Alikuwa amekuja na pilipili kavu za kwao, zimefungwa katika jani la mgomba. Jioni alizovunja moja juu ya chakula, alikula. Kifungu kilipoanza kupungua akavunja nusu, kisha kipande, na mifupa ya mabega yake ikazidi kujitokeza. Sokoni kwetu hakuna aliyeuza pilipili, kwa kuwa hakuna aliyenunua.

Mama akasema atapanda. Alikwenda kuomba mbegu, akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Koko akachukua pilipili mbili, akaziweka chini, udongoni, mbele ya miguu yake.

Mama alijisikia kama amepigwa kofi. Kwao kitu kinachowekwa chini ni cha mbwa. Aliziokota kwa sababu alikuwa na haja nazo, ila alinuna, na mama yangu akinuna, nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole. Asingemwuliza yule mwanamke neno hata moja. Kulima ni kulima, alijiambia.

Akalima basi, kama maharagwe. Akachimba mashimo ya kina cha kidole, akatia mbegu, akafukia kwa kisigino. Mvua ikanyesha. Siku zikapita, kimya. Zikapita nyingine, kimya vilevile, na jirani yetu Mukasine, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akamwuliza kama siku hizi analima udongo mtupu. Mama akapandwa na hasira, akashika jembe, akaligeuza tuta lote ili apande kitu chenye akili. Ndani ya donge moja akaona mbegu iliyopasuka, na kamzizi keupe, kembamba kama uzi, kamekatika. Zilikuwa zinakuja. Zilikuwa zinakuja polepole, na yeye amezichinja.

Alikaa chini palepale akalia. Koko akamsikia, akajikokota nje akishikilia ukuta.

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Juu uliniwekea chini kama imbwa, Mama!"

Koko alibaki mdomo wazi. "Mutoto, kwetu hatupeanaka pilipili mu mukono. Ukimupa muntu mu mukono, mutagombana. Niliweka chini, juu sikutaka kugombana na weye."

Siku hizo zote walikuwa wamegombana kwa ajili ya desturi ya kuzuia ugomvi. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Koko akamfuata mpaka kikohozi kikamkaba.

"Basi unifundishe kupanda."

"Mimi? Sijapandaka hata siku moja! Kule ndege njo banapandaka. Banakula, banakunya, inaota yenyewe."

Kumbe wote wawili walikuwa wageni wa kazi hiyo. Basi Mama akaanza kuuliza habari za ndege: wananyea wapi, pana kivuli au jua, pana baridi au joto? Jibu lilirudi kuwa lile lile: jalalani, penye majivu na maganda yanayooza, udongo una joto, mbegu imelala juujuu bila kufukiwa na mtu. Mama akatwaa chungu kilichovunjika shingo, akakijaza udongo wa jalalani. Koko akatoa pilipili yake ya mwisho, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya chakula. Mbegu wakazinyunyiza na kuzifunika kwa vumbi tu. Mchana chungu kilikaa juani, na giza likiingia kilirudi karibu na moto. Jembe Mama alilipeleka kwa Mukasine, asije akashawishika kuchimbua kabla hazijaota.

Miche ilipotokeza ilikuwa midogo hata akaionea huruma. Baadaye aliihamishia nyuma ya ukuta wa jiko, upande wa moto, ambako ukungu haukuuma sana. Mvua ya mawe ilipokuja aliifunika kwa vikapu, yeye akalowa. Maharagwe yalivunwa, yakapandwa, yakavunwa tena, na muda huo wote Koko aliishi kwa uji wa kulazimishwa. Ndipo pilipili ya kwanza ikawa nyekundu.

Siku hiyo Koko aliisaga na chumvi, akala maharagwe, akaomba tena. Mama alimtazama akitafuna, akapata furaha ambayo, alisema, hakuipata hata siku ya arusi yake. Tangu hapo kikohozi kikapoa. Koko akaanza kuchota maji, kisha kupasua kuni, kisha kumgombeza Baba kama mtoto. Mama akaona amefaulu.

Siku moja, katikati ya chakula, Koko akasema:

"Sasa miguu yangu imerudia. Nitarudi Ntoto. Muzee wangu analala kule peke yake."

Baba akainamisha kichwa. Mama akasimama, mwiko mkononi.

"Nilipanda ile pilipili juu ubakie!"

"Najua."

"Ulijua, na ukakula?"

"Nilikula nipate nguvu ya kurudi. Nilikuwa naogopa kufia hapa." Kisha akauliza kwa upole: "Kama ningekuambia, ungepanda?"

Mama akaurudisha mwiko chunguni. Akasema, "Ningepanda."

Ulikuwa uongo; aliniambia hivyo bila haya, na Koko naye alijua. Asubuhi Mama alikwenda nyuma ya jiko. Miti ilikuwa imejaa pilipili nyekundu, na alisimama pale akifikiri jinsi ilivyo rahisi kuing'oa. Mizizi yake haiendi mbali, na mzee asiyekula hasafiri. Mimi, kwa hasira hizi nilizorithi kwake, ningeing'oa. Yeye alichuma mpaka jua likawa kali, akazianika, hakuharakisha wala hakuchelewesha.

Zilipokauka, Baba alitaka kutafuta mtu wa kubeba mzigo wa Koko. Mama akakataa. Akaufunga mwenyewe pamoja na zile pilipili, akajitwisha, na yeye ambaye hakuwahi kukanyaga msitu akatangulia kwenye njia ya kushuka, Koko nyuma yake.