Mtoto Niliyemtetea

Mdogo wangu anaishi Kawangware, na huu ni mwaka wa nne hajakanyaga kwangu hapa Kianda. Watu wakiniuliza nasema ni kazi tu, si mnajua Nairobi. Uongo mtupu. Hanitaki, na ana haki.

Alipokuja kuishi nami alikuwa na miaka ishirini, akifulia watu nguo nyumba hadi nyumba. Akapata mimba, na aliyempa mimba akabadilisha namba ya simu. Siku moja nikamsikia akiongea na mama fulani wa Kawangware anayeuza dawa za kutoa. Mimi mdomo ninao, ploti nzima inajua, na siku hiyo niliutumia wote. Nikamnyang'anya simu, nikafungia viatu vyake ndani ya sanduku langu, nikaita kina mama wa maombi. Tukajaa watano ndani ya chumba ambacho watu wawili wakisimama, wa tatu lazima apande kitandani. Yeye tukamketisha katikati, juu ya ndoo. Nikamwekea kiganja tumboni nikamwambia, "Huyu ni mtu. Ana roho kama yako, na anakusikia ukipanga kumwua."

Alilia hadi akakubali. Nitasema ukweli: nilisikia raha. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba nimeokoa maisha, wakanipigia makofi, naye ameketi pale pale ameinamisha kichwa.

Kina mama walileta uji wiki moja, basi. Yeye akarudi kuinama kwenye beseni za watu. Pole pole akampenda huyo mtoto. Akianika nguo ungemsikia akiliimbia tumbo. Miezi saba ilipotimia miguu ikamvimba, akasema kichwa kinampasuka na macho yanaona ukungu. Nikamwambia mimba si ugonjwa, aache kudeka. Siku tatu baadaye akaanguka na kifafa cha mimba, mikono bado ina povu la sabuni. Hospitali walimpasua. Yeye akapona, mtoto akatoka amekufa.

Nesi akaja na kifurushi kidogo ndani ya leso, akauliza kama tutazika wenyewe au tutaiachia hospitali. Nikampigia mwenyekiti wetu wa maombi. Akanijibu huku anatafuna kitu, kwamba kanisa haliketi matanga ya kitu ambacho hakijapumua. Na mimi, haki ya Mungu, nikashukuru. Kuzika ni shughuli, na sisi wapangaji hatuna hata pa kupanda sukuma. Nikamkumbuka nyanya yangu wa Kitui. Kwao mtoto alipewa jina siku chache baada ya kuzaliwa, na kabla ya hapo hakuhesabiwa kuwa mtu, alikuwa bado wa mizimu. Miaka yote mambo hayo nilikuwa nayaita ushenzi. Siku hiyo yakanifaa. Nesi akauliza kama nataka kumwona kwanza. Nikasema hakuna haja, nikatia sahihi karatasi ya kuwaachia.

Mdogo wangu alizinduka vizuri kesho yake. Nilipofika wodini jioni, akauliza mtoto wake amewekwa wapi. Alitaka amwone, kisha amzike, hata kama ni yeye peke yake atakayesimama kaburini. Nikamwambia yameisha, hospitali imeshughulikia, na asijiumize moyo bure kwa sababu hakuwa mtu bado. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Nilingoja anitukane, maana matusi ningeyajibu. Hakunitukana. Aliuliza kama mtoto alikuwa msichana au mvulana.

Aibu ikanipanda hadi masikioni. Karatasi niliitia sahihi bila kuisoma. Nikawaza kwamba msichana atamfariji, maana angechukua jina la marehemu mama yetu.

"Msichana," nikasema. "Mzuri, amefanana na mama."

Akageukia ukutani, mkono umeshika mahali aliposhonwa.

"Alikuwa mvulana," akasema. "Nesi aliniambia asubuhi. Nilitaka tu kujua kama ulimwangalia."