Mama Mkwe Akatazwa Kulima

Uhuru ulipokuja, mume wangu alipata kazi ya ukarani mjini Kakamega, na jambo la kwanza alilofanya ni kumkataza mama yake kulima. Alimnunulia kiti chenye mito, akamwambia, "Mama, umezeeka. Sasa ni kupumzika tu."

Mama mkwe alikaa kitini majuma kadhaa akilalamikia magoti, hata obusuma, ugali wetu, akauchoka. Kisha ghafla akachangamka, akawa anakula vizuri na kulala fofofo. Mume wangu akajisifu kwa wenzake kwamba dawa ya uzee ni kiti.

Jumapili moja jirani yetu, mjane, alituletea kuku wa shukrani.

"Mama yako amenimalizia palizi ya mahindi," akamwambia mume wangu. "Kila ukienda kazini, yeye huyo anakuja."

Mume wangu alimgeukia mama yake. Mimi, niliyejua yote, nilitazama chini nisije nikacheka.

"Ulinikataza shamba lako, baba," mama mkwe akasema kwa upole. "La jirani hukulitaja."

Kesho yake mume wangu alimrudishia jembe lake. Mama akamkabidhi yeye jembe lingine, akisema lile tumbo la ofisini limeanza kumtia wasiwasi.